Pikapu ya dizeli ikinuka amonia: jua kwanza harufu inatoka wapi

Madereva wa Mtwara na Lindi wanaotumia pikapu za miaka ya karibuni hutuuliza swali moja mara kwa mara: gari linanuka amonia, je, limeharibika? Jibu linategemea harufu umeikutia wapi. Ukifungua kifuniko cha tangi la AdBlue, yale maji ya urea yanayosafisha moshi wa dizeli, gari likiwa limeshinda juani, ukapigwa na harufu kali ya mkojo uliolala, hiyo haina neno. Joto limeanza kuivunja urea kidogo, na hewa iliyofungiwa juu ya maji yale imepata pa kutokea. Sogeza uso pembeni, subiri kidogo, jaza. Harufu hiyo hiyo ikitoka kwenye ekzosi, au ikiingia ndani mlimokaa, hapo kuna kazi ya fundi.

Hakikisha kwanza kwamba gari lako linatumia AdBlue. Pikapu nyingi zinazobeba mizigo Newala, Liwale na Nachingwea hazina mfumo huu kabisa. Zilizo nao zina mdomo wa pili wa kujazia, kwa kawaida wenye kifuniko cha buluu, mara nyingi jirani na mdomo wa dizeli. Usipouona, soma kitabu cha gari. Kama gari halina mfumo huo, AdBlue haikuhusu, na mtu akikwambia uimwage kwenye dizeli ili kuongeza nguvu, mkatalie.

AdBlue, ambayo kwenye baadhi ya madumu huandikwa DEF, ni urea asilimia 32.5 kwa uzito, na iliyobaki ni maji yaliyosafishwa mpaka yasibaki na madini. Pampu huyavuta kutoka kwenye tangi lake, nozeli huyapulizia ndani ya bomba la moshi, na joto la moshi huigeuza urea kuwa amonia. Mbele yake kuna kichocheo, chenye vitundu vidogo vingi sana, ambamo amonia hukutana na oksidi za nitrojeni zilizotoka kwenye injini. Vinavyotoka nyuma ni nitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, na mvuke wa maji. Oksidi zile huumiza mapafu, na wanaozivuta zaidi ni watoto wanaotembea kando ya barabara kwenda shule na mama lishe waliopanga meza stendi. Ndiyo maana fundi akikushauri kuuzima mfumo huu ili usinunue AdBlue tena, hasara inahamia kwa hao.

Kwa hiyo amonia inatakiwa izaliwe ndani ya ekzosi na iishie humo humo. Ikikufikia puani, ama imepulizwa nyingi kuliko inayohitajika, ama imepata tundu la kutorokea. Nozeli inaweza kuwa imekwama na inadondosha. Sensa ya oksidi za nitrojeni inaweza kuwa inasoma vibaya, kompyuta ya gari ikaagiza urea zaidi. Kichocheo kinaweza kuwa kimechoka. Na kwa barabara zetu za changarawe, klampu hulegea na gasketi za ekzosi hukatika kwa kutikiswa.

Kabla ya kwenda gereji, subiri gari lipoe, kisha ingia chini na tochi. Tafuta unga au fuwele nyeupe kwenye nozeli, kwenye maungio ya bomba na chini ya tangi la AdBlue. Chukua kidogo kwa kijiti, weka kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu. Ikiyeyuka yote, kuna uwezekano mkubwa ni urea iliyokauka. Pafute kwa kitambaa chenye maji, kisha patazame tena baada ya siku chache. Ukikuta weupe umerudi mahali pale pale, hapo ndipo panapovuja. Isipoyeyuka, na ni ngumu, inaweza kuwa urea iliyoungua na kubadilika kuwa kitu kingine, na hiyo mara nyingi hujijenga ndani ya bomba. Magari yanayokwenda safari fupi za mjini, au yanayoachwa yakinguruma muda mrefu bila kutembea, hupata shida hii zaidi, maana moshi haufikii joto la kutosha. Mfumo huhitaji takribani nyuzi joto 200 ili ufanye kazi sawasawa.

Harufu ya ndani ya gari ndiyo inayotutia hofu kuliko zote. Amonia yenyewe huchoma macho na koo, na pua huizoea upesi, ukadhani imeisha kumbe bado ipo. Hatari kubwa zaidi ni kile kinachosafiri nayo. Amonia ya ekzosi ikiingia ndani ya gari, moshi wa injini nao umeingia, na ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na inayoua mtu akiwa usingizini. Msimu wa korosho tunaona madereva kwenye foleni za maghala wamelala ndani ya gari, vioo juu, injini inanguruma ili kiyoyozi kifanye kazi. Gari linalonuka amonia lisilaliwe hivyo hata kwa nusu saa. Zima injini, fungua milango, toka nje. Mwenzako akilalamika kichwa kinauma, kichefuchefu au kizunguzungu, mtoeni kwenye hewa safi na mumpeleke hospitali.

Sasa tuzungumzie mbolea. Wapo wanaonunua urea kwenye duka la pembejeo, wakaikoroga na maji na kuijaza kwenye tangi. Tunaelewa kishawishi kinatoka wapi: AdBlue haipatikani kila mahali huku kusini, na barabara ya Dar es Salaam ikikatika kama ilivyotokea Somanga mwezi Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya, mzigo haufiki. Lakini urea ya shambani imetengenezwa kwa ajili ya udongo. Punje zake hutiwa viambato vya kuzifanya zisivunjike wala kushikana, na huwa na bayureti, kitu kinachozaliwa urea ikipashwa joto, nyingi kuliko inayokubalika kwenye gari. Kiwango cha kimataifa cha AdBlue, ISO 22241, kinataka bayureti isizidi asilimia 0.3, na kalsiamu isizidi miligramu 0.5 kwa kilo. Tazama ule ukoko mweupe unaobaki ndani ya birika la nyumbani: hayo ndiyo madini ya maji ya kisima, na ukiyatia kwenye tangi yanakwenda kukaa kwenye nozeli na kwenye vitundu vya kichocheo. Kutumia maji ya betri kunapunguza madini ya maji tu. Yaliyomo kwenye mbolea yanabaki pale pale. Na ukikosea vipimo urea ikazidi, unarudi kwenye harufu ile ile uliyotaka kuikimbia. Dumu la AdBlue ni rahisi mno ukililinganisha na bei ya kichocheo.

Kwa hiyo nunua mapema, na usome dumu. Liwe limefungwa kwa lakiri, limeandikwa ISO 22241 na tarehe ya kutengenezwa. Joto la kwetu hulifupishia maisha: likihifadhiwa kwenye nyuzi joto zisizozidi 25 hudumu miezi 18, zisizozidi 30 miezi 12, na kwenye 35 hubaki kama miezi 6 tu. Stoo ya bati inayopigwa na jua la Novemba inapita hapo. Liweke kivulini, mbali na mbolea na vumbi la salfa ya mikorosho, na usilihamishie kwenye chombo cha shaba au cha chuma cha kawaida. Faneli iwe ya AdBlue peke yake. Iliyowahi kupitisha dizeli haifai, hata kama imeoshwa.

Usisubiri tangi likauke. Magari mengi huhesabu kilomita zilizobaki kwenye dashibodi, na zikiisha ukazima injini, haiwaki tena mpaka ujaze.

Ukikosea ukamwaga AdBlue kwenye tangi la dizeli, usiwashe gari, wala usizungushe ufunguo hata kidogo, kwa sababu pampu ya dizeli huanza kuvuta mara tu umeme ukifika. Lisukumeni kando, mwite fundi atoe tangi, alimwage lote na kuliosha. Fanya hivyo hivyo kama dizeli imeingia kwenye tangi la AdBlue, maana hata kiasi kidogo huharibu mipira ya pampu yake. Mwambie fundi ukweli wa ulichomwaga na kiasi chake, ili ajue aanzie wapi.