Burj Khalifa: Mnara Uliochongwa Kuuvuruga Upepo

Kila ninapozungumza na wananchi kuhusu majengo marefu, swali la kwanza huwa ni uzito: mnara wa mita 828 kama Burj Khalifa wa Dubai, mbona haudidimii mchangani? Jibu lake liko chini ya ardhi. Kuna nguzo 192 za zege, kila moja na kipenyo cha mita 1.5 na urefu wa mita 43 hivi, zilizozamishwa ndani ya mwamba laini, na juu yake bamba la zege lenye unene wa mita 3.7. Hizo nguzo hazikukanyaga jiwe gumu. Zimeshikwa ubavuni, kwa msuguano wa zege na mwamba, kama ubao unavyoung'ang'ania msumari.

Kinachomkosesha mhandisi usingizi ni upepo.

Chomeka fimbo ndefu kwenye mto uendao kasi, uishike kwa vidole viwili. Utaihisi ikitikisika kushoto na kulia, ingawa maji yanaisukuma mbele. Maji yakishapita hujikunja nyuma ya fimbo, mara upande huu, mara upande ule, na kila mkunjo huivuta kidogo. Upepo nao huufanyia mnara vivyo hivyo. Mikunjo ikija kwa mapigo yanayolingana na yale ya jengo lenyewe, inakuwa kama kumsukuma mtoto kwenye bembea kila anaporudi: nguvu ni ndogo, lakini kuyumba kunazidi.

Bill Baker, mhandisi wa miundo wa SOM, kampuni iliyousanifu mnara huu, na wenzake waliitafuta dawa kwenye umbo. Jengo lina mabawa matatu, nalo linapungua upana kadiri linavyopanda, bawa moja baada ya jingine, kwa kuzunguka. Kwa kuwa kila kimo kina upana wake, mikunjo ya upepo huja upesi hapa, polepole pale, isipate nafasi ya kusukuma kwa pamoja. Vielelezo vidogo vya mnara vilipimwa tena na tena ndani ya handaki la upepo, yaani njia iliyofunikwa ambamo mashine huvumisha upepo, umbo likarekebishwa, hata mwelekeo wa jengo zima ukageuzwa. Kwangu mimi, huo ndio ufundi, kuliko urefu wenyewe.

Mifupa yake ni kiini cha zege chenye pande sita, kinacholizuia jengo lisijisokote, na yale mabawa matatu yanayotoka humo. Bawa moja likisukumwa, mawili mengine hulikingia mgongo kupitia kiini. Ni matatu kama mafiga, na sababu ni ileile.

Ujenzi ulianza 2004, jengo likafunguliwa Januari 2010. Majira ya joto zege lilimwagwa usiku, likichanganywa na barafu, maana likishika haraka kwenye joto hupasuka. Pampu zililipandisha kwa bomba hadi zaidi ya mita 600, na kutoka hapo hadi kileleni mafundi waliendelea kwa chuma.