Nyumba ya benki "kama ilivyo" inakaguliwa
Wengi wanaonunua nyumba Marekani wameaminishwa kwamba nyumba iliyotwaliwa na benki, ikiuzwa "kama ilivyo", haikaguliwi. Si kweli. Maneno hayo yana maana kwamba benki haitafanya matengenezo. Mnunuzi bado anaweza kuomba sharti la ukaguzi kwenye mkataba: akikuta kasoro kubwa, ajitoe kwa maandishi kabla ya siku zilizowekwa kwisha, arudishiwe amana yake, yaani fedha aliyotanguliza kuonyesha nia ya kununua. Mnadani ni tofauti; huko kwa kawaida sharti hilo halipo.

Nawasihi, angalieni mabomba. Majira ya baridi nyumba hizi hufungwa maji, mabomba hukaushwa, na chooni utakuta dawa ya rangi ya waridi ya kuzuia barafu. Omba maji yafunguliwe siku ya ukaguzi; yakiwa yamefungwa, bomba lililopasuka ndani ya ukuta halionekani.