Fimbo na panga katika Arnis: kipi kinahama, kipi hakihami

Arnis, sanaa ya mapigano iliyo mchezo wa taifa wa Ufilipino kwa sheria ya mwaka 2009, hufundishwa kwa fimbo ya henzirani ya sentimita 71 hivi. Mwanafunzi huambiwa mapema kwamba fimbo inashika nafasi ya panga. Kauli hiyo ni kweli nusu, na nusu ya pili ndiyo inayokata vidole.

Pembe za mapigo, hatua za miguu na kupima umbali vinahama bila shida. Tatizo ni makali. Fimbo huumiza kwa upande wowote. Panga hukata kwa upande mmoja. Chukua abaniko, pigo la kupepea kwa kifundo cha mkono. Kwa fimbo linauma kweli. Lifanye vilevile na panga bila kugeuza kiganja, utapiga kwa bapa, yaani ubavu wa panga.

Kupokonya silaha ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Mbinu nyingi huanza kwa kudaka fimbo ya mwenzako. Katika Balintawak, mtindo wa Arnis wa Cebu, Ufilipino, uliojengwa juu ya fimbo, hilo lina mantiki kamili. Mbele ya panga, udake kifundo cha mkono wake, si silaha. Kuzuia nako kunabadilika: makali yakigonga makali, panga hupata mapengo, kwa hiyo pokea kwa bapa huku ukijitoa njiani.

Ukitaka fimbo ikufundishe panga, bandika utepe wa rangi upande mmoja, kuanzia ncha hadi kitako, ulingane na vifundo vya kati vya vidole. Kila pigo, utepe utangulie. Fimbo ya mviringo huzunguka mkononi baada ya kugonga, bila wewe kuhisi chochote. Chonga kidogo sehemu ya kushikia iwe na umbo la yai, kidole kitajua makali yalipo.

Halafu kata shina la mgomba kwa panga halisi. Fimbo hudunda na kukurudishia mkono, panga hupita. Mkato wa mshazari ukiwa bapa na laini, makali yalikaa sawa. Ukiwa umepinda kama kijiko, kifundo cha mkono kiligeuka katikati ya pigo. Panga likikwama, kwa kawaida makali hayakufuata njia ya mkono. Kuongeza nguvu hakusaidii. Ukikata kutoka bega la kulia kushuka kushoto, mguu wa kushoto ubaki nyuma, kwani panga likishapita shina huelekea goti la mguu huo.