Kuhoji hifadhidata kwa lugha ya kawaida: nani hasa anayekuelewa?

“Siku hizi hifadhidata zinaelewa Kiingereza.” Sentensi hii nimeisikia mara tatu mwezi huu, mara ya mwisho kutoka kwa mkuu wa idara aliyeitamka kwa furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Mara zote tatu nilinyamaza. Leo nimeshindwa.

Maana kwanza, tuimalize upesi. Hifadhidata, au kanzidata kama wengine wanavyopenda kuiita, ni data iliyopangwa kwenye majedwali, kila jedwali na safuwima zake zenye majina na mistari yake yenye thamani. Ukitaka kitu humo ndani unaandika ulizo kwa lugha rasmi, na iliyoenea kuliko zote ni SQL. Programu ya kuhoji hifadhidata kwa lugha ya kawaida hupokea swali kama ungemuuliza mtu, ikaligeuza kuwa ulizo la SQL, ikalikabidhi kwa hifadhidata, kisha ikakuletea kilichopatikana. Basi, hakuna zaidi.

Neno la kushika hapo ni “ikaligeuza”. Hifadhidata yenyewe haikuelewa kitu. Ilipokea SQL jana, inapokea SQL leo, na wala haina habari kwamba kuna binadamu aliyeuliza kwa maneno yake. Kilichoongezwa ni mkalimani aliyesimama katikati. Mkalimani mahakamani hajui nani aliiba. Anajua tu shahidi kasema nini, na hilo nalo ni kama alimsikia vizuri.

Kuna kosa jingine dogo linaloambatana na hili. Watu wanaita kila kisanduku cha kuandikia maswali kwa jina hilohilo. Ukiandika maneno mawili na kompyuta ikakuletea nyaraka zenye maneno hayo, hapo umetafuta. Ukiipa programu faili la kurasa mia ikakufupishia, hapo umesomewa. Kuhoji ni jambo jingine. Kiswahili kimetuwekea tofauti hiyo tayari: hoji na hoja ni ndugu, na anayehojiwa anabanwa kwenye alichoulizwa. Ukimuuliza shahidi “ulimwona saa ngapi?” atakwambia saa, hatakwambia kwamba hakuwa peke yake mpaka umuulize. Hifadhidata ni shahidi wa aina hiyo. Itajibu ulizo lililoifikia kwa usahihi wa kutisha, hata kama ulizo hilo silo ulilokuwa nalo kichwani.

Sasa niingie kwenye linaloniudhi hasa, nalo ni lile neno “Kiingereza”. Watu wanaongea kana kwamba palikuwa na ukuta: upande huu lugha ya binadamu, upande ule SQL, lugha ya mashine, na ukuta huo umebomolewa juzi tu. Wangejua kwamba SQL yenyewe ilizaliwa ikiitwa Kiingereza!

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya kompyuta ya IBM kule San Jose, California, alichapisha makala iliyopendekeza data ipangwe kwenye majedwali na iulizwe kwa misingi ya hisabati ya mahusiano. Wazo lilikuwa zuri, ila alama zake zilikuwa za wanahisabati. Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa IBM vilevile, walijaribu kwanza lugha waliyoiita SQUARE. Ilijaa vialama vya kuandikwa chini ya mstari, vitu ambavyo kibodi haivipendi. Wakaiweka kando, wakatunga nyingine ya maneno ya Kiingereza cha kawaida: SELECT, yaani chagua, FROM, yaani kutoka, WHERE, yaani ambapo. Mwaka 1974 waliitangaza kwa jina SEQUEL, na ile herufi ya pili, E, ilisimama badala ya neno “Kiingereza”. Lugha ya maulizo ya Kiingereza iliyopangiliwa, ndivyo jina lilivyosema. Na walioandikiwa hawakuwa watengeneza programu peke yao: makala yao inawataja wahasibu, wahandisi, wasanifu majengo na wapangaji wa miji.

Baadaye jina hilo liligongana na alama ya biashara ya Hawker Siddeley, kampuni ya kutengeneza ndege ya Uingereza, ikabidi livuliwe irabu. Likabaki SQL. Ndiyo sababu mpaka leo wengine wanatamka “sikweli” na wengine “es-kyu-eli”, na wote wana haki yao. (Mimi ni wa es-kyu-eli, ila sigombani na mtu.)

Kwa hiyo herufi ya Kiingereza iliondolewa na mambo ya kisheria, na ahadi ikabaki palepale: mhasibu atajiulizia mwenyewe. Imepita miaka hamsini na mhasibu bado anamwandikia barua pepe mtu wa data. Hakuzuiwa na msamiati. SELECT, FROM na WHERE anaweza kujifunza kabla ya chakula cha mchana. Asichokijua ni kwamba safuwima iitwayo “hali” ina tarakimu 1, 2 na 9, kwamba 9 maana yake oda imefutwa, na kwamba aliyeamua hivyo aliacha kazi zamani bila kuandika popote. Uliza kwa Kiingereza, uliza kwa Kiswahili, uliza kwa kuimba. Ile 9 haitajieleza.

Wala programu hizi si mpya. Mwaka 1961 Bert Green na wenzake katika maabara ya Lincoln ya MIT, chuo kikuu cha Marekani, walieleza programu iliyoitwa BASEBALL, iliyojibu maswali ya Kiingereza kuhusu mechi za msimu mmoja wa ligi ya besiboli ya Marekani. Timu fulani ilicheza wapi tarehe fulani? Ilijibu. Tarehe hiyo, angalieni, inautangulia hata mfumo wa Codd.

Iliyonivutia zaidi ni LUNAR ya William Woods. Mawe yaliyoletwa kutoka mwezini na safari za Apollo yalikuwa yamepimwa, na matokeo ya kikemia yakawekwa kwenye kompyuta. Mtaalamu wa miamba aliweza kuandika kwa Kiingereza akiulizia wastani wa alumini katika miamba yenye alkali nyingi, akapewa namba. Ilipojaribiwa mwaka 1971 mbele ya wanasayansi wenyewe, asilimia 78 ya maswali yalijibiwa bila kosa, na yakafika karibu 90 baada ya marekebisho madogomadogo. Jaribu kuwaza: 1971! Anayekuja leo na kuniambia “hatimaye tunaweza kuuliza kwa lugha ya kawaida” namwomba aangalie kalenda.

Biashara nayo ilijaribu. Gary Hendrix, mmoja wa waliotengeneza LADDER, programu ya kuuliza habari za meli za jeshi la majini la Marekani, ndiye aliyeanzisha Symantec mwaka 1982, na mwaka 1985 kampuni hiyo ikatoa Q&A, programu ya kompyuta ndogo iliyokubali maswali ya Kiingereza. Microsoft ilikuwa na English Query iliyofungashwa pamoja na programu yake ya hifadhidata, SQL Server 2000. Toleo la 2005 lilipotoka, haikuwamo. Programu hizi zilitangazwa kwa vifijo na zikaondoka kimyakimya, nami nadhani sababu ilikuwa moja: kila hifadhidata mpya ilihitaji mtu akae na kuifundisha programu kwamba “wafanyakazi”, “watumishi” na “watu wetu” ni jedwali moja. Kazi ya kuandaa mkalimani ilikuwa kubwa kuliko kazi ya kujifunza SQL.

Nionyeshe ugumu wenyewe kwa neno dogo kuliko yote. Mtu anauliza: “Nipe wanafunzi wanaosoma fizikia na kemia.” Anawataka wanaosoma yote mawili. Mwingine anauliza: “Nipe wafanyakazi wa idara ya fedha na idara ya ununuzi.” Huyu anawataka wa huku pamoja na wa kule. Sentensi zimefanana umbo, kiunganishi ni kilekile “na”, lakini kimantiki cha kwanza ni AND, yaani yote mawili, na cha pili ni OR, yaani mojawapo. Programu ikilifuata neno kama lilivyo itaandika hivi:

SELECT jina FROM wafanyakazi WHERE idara = 'Fedha' AND idara = 'Ununuzi'

Hakuna mtu ambaye idara yake ni Fedha na palepale ni Ununuzi, basi jibu linarudi tupu. Kilichomwezesha binadamu kutofautisha maswali hayo mawili hakimo kwenye sarufi. Anajua tu kwamba mwanafunzi husoma masomo mengi na mfanyakazi hukaa idara moja. Kiingereza kina tatizo hilohilo kwenye neno lao la “na”. Kwetu ni zaidi kidogo, maana “na” yetu inaunganisha, inamiliki, inamtaja mtenda, na jioni inapumzika.

Hapa ndipo watetezi wa modeli kubwa za lugha, yaani akili bandia iliyofunzwa kwa maandishi mengi mno, wananirukia, na wana hoja. Modeli hizi zinaujua ulimwengu kwa kiasi fulani. Mtego huo wa “na” nyingi zinauruka bila jasho. Hazihitaji kufundishwa kila kisawe. Zinapimwa kwa mkusanyo kama Spider, uliotolewa na watafiti wa Yale mwaka 2018 ukiwa na maswali zaidi ya elfu kumi, yote ya Kiingereza, juu ya hifadhidata 200, na matokeo yamekuwa yakipanda. Mimi mwenyewe nazitumia karibu kila siku. Sibishi kwamba mkalimani amekuwa hodari.

Ila angalieni namna anavyokosea. Programu za zamani zilipokwama zilisema zimekwama: neno hili silijui, uliza upya. Ziliudhi, lakini hazikukudanganya. Za sasa ni nadra kukwama. Karibu kila swali utakalotupa litarudi na jedwali safi, lenye vichwa vya safuwima na jumla chini.

Tulipata somo hilo kazini. Mtu aliuliza: “Ni wafanyakazi gani hawajahudhuria mafunzo yoyote mwaka huu?” Majina kumi na manne yakatoka, yakaingia kwenye ripoti, ripoti ikapanda ngazi. Dada mmoja wa utawala ndiye aliyeisoma akacheka. “Mbona fulani hayumo? Huyu hajawahi hata kukanyaga ukumbini.” Tukalifungua ulizo. Programu ilikuwa imekwenda kwenye jedwali la mahudhurio ikachukua mistari yote iliyoandikwa “hakufika”. Lakini ili uandikwe “hakufika” ni lazima kwanza uwe umejiandikisha! Wale ambao hawakujiandikisha kabisa hawakuwa na mstari wowote humo, na waliokwepa kuliko wote ndio waliopona. Ulizo sahihi lingeanzia kwenye jedwali la wafanyakazi, kisha liwatoe wenye rekodi ya kufika. Hata orodha ya kumi na wanne ilikuwa na watu wasiostahili, waliokosa kikao kimoja na kuhudhuria vingine vitatu.

Hifadhidata haikukosea hata mstari mmoja. Iliulizwa “nani ameandikwa hakufika?” ikajibu. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeliona swali hilo kabla ya jibu.

Na hapa narudi kwa Codd, maana jambo hili alilifikiria mapema. Mwaka 1974, mwaka uleule wa SEQUEL, alieleza mfumo aliouita Rendezvous, wa mtu asiyejua lugha za kompyuta. Alitaka programu isikimbilie kujibu. Ianze kwa kumuuliza mtu pale asipoeleweka, kisha imrudishie swali kwa maneno yake yenyewe: hivi ndivyo nilivyokuelewa, niendelee? Mtu akikubali, ndipo data iguswe. Programu nyingi za leo zinaweza kufanya hivyo, angalau kukuonyesha SQL iliyoandikwa na kuieleza, lakini kitufe chenyewe mara nyingi kimefichwa pembeni, na ni wachache wanaokibonyeza.

Kwa hiyo, mkuu wangu, kwa heshima zote: ile sentensi yako ya “hifadhidata inaelewa Kiingereza” naomba tuirekebishe kidogo tu. Programu inakisia ulichomaanisha, inaliandika kisio lake kwa SQL, na hifadhidata inajibu kisio hilo. Na kwenye ripoti ya mwezi ujao, badala ya “hifadhidata inaonyesha kwamba”, andika “tuliuliza hivi, likatafsiriwa hivi, likajibiwa hivi”, na ulizo lenyewe libandike chini. Yule dada wa utawala amesema atalisoma.