Hakuna asilimia 90 iliyolala

Kwenye daladala la Kiboriloni, hapa Moshi, mama alimwambia mwanawe: "Soma, tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo." Kumhimiza mtoto ni vyema, ila hesabu hiyo si kweli. Mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili, hufuatilia damu yenye oksijeni inayokwenda sehemu za ubongo zinazofanya kazi, na haijaonyesha eneo kubwa lisilo na kazi. Kipimo cha umeme wa ubongo, alichoanzisha Hans Berger kule Ujerumani mwaka 1924, huchora mistari inayocheza hata mtu akilala. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati. Bibi yangu alipopata kiharusi, jeraha dogo upande wa kushoto wa ubongo lilimnyima maneno, maana hata sehemu ndogo ina kazi yake. Kikombe alikishika vizuri; kutamka "chai" alishindwa.