Kabla ya Kulipia Mche wa Magnolia

Kwa kuwa yamezidi malalamiko ya wakazi wa Malindi na Lamu waliouziwa mlangilangi kwa jina la magnolia, sisi wakaguzi wa afya ya mimea tumeona vyema kueleza namna ya kuutambua mti huu na utaratibu wa kuuleta nchini.

Mnunuzi aangalie kitawi, kwa maana mche mdogo hauna ua, na ua analoonyeshwa kwenye simu si la mche ule. Jani changa la magnolia hufunikwa na kiganda chembamba ambacho kikidondoka huacha kovu linalozunguka kitawi chote kama pete. Mlangilangi hauna alama hiyo, na frangipani hutoa utomvu mweupe jani linapokatwa. Ua la mlangilangi huning'inia na lina petali sita ndefu; la champaka, ambayo ndiyo magnolia inayostahimili joto letu, huota kwapani mwa jani, ni la manjano au rangi ya chungwa, na petali zake hupita kumi. Wanaotaka zile za waridi zinazochanua matawi yakiwa matupu wafahamu kwamba huhitaji majira ya baridi, hata muuzaji akiapa.

Champaka hupenda udongo wenye asidi kidogo, ilhali mchanga wetu wa matumbawe umejaa chokaa, ndiyo sababu majani hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Shimo lichanganywe mboji kwa wingi, mche upandwe masika yanapoanza, mbali na upepo wa chumvi, wala usihamishwe tena. Wanaomwaga jivu shinani wanazidisha tatizo.

Anayeagiza mche kutoka nje huomba kwanza kibali cha KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua afya ya mimea, kisha humpelekea muuzaji nakala ili mamlaka ya nchi ile iukague mmea na kutoa cheti cha afya ya mimea kulingana na masharti ya kibali. Mzigo ukifika bandarini au uwanja wa ndege, hukaguliwa tena. Kibali hutangulia safari ya mmea, hakiifuati. Mmea usio na hati huweza kuharibiwa au kurudishwa kwa gharama ya mwenyewe, naye huweza kushtakiwa. Kusema kwamba ni kijiti kimoja tu cha zawadi si utetezi, kwa kuwa mdudu mharibifu hatosheki na kukaa kwenye kijiti kimoja.

Anayenunua kwenye kitalu cha hapa nchini aombe risiti yenye jina la kisayansi. Magnolia champaca na Michelia champaca ni mti mmoja, hilo la pili likiwa jina la zamani, kwa hiyo asije kwetu kulalamika kwamba amebadilishiwa.