Msimamizi wa mchezo na misukosuko ya mezani: maana yake nini?

Anayeketi kwa mara ya kwanza kwenye mchezo wa uhusika wa mezani, ambamo kila mchezaji humwigiza mtu wa kubuni katika kisa kinachosimuliwa papo hapo, huwa na swali moja kabla dadu hazijarushwa: yule aliyekaa pembeni, nyuma ya ubao wa karatasi, yuko upande wa nani? Wenzake wanne kila mmoja ana karatasi ya mhusika wake, huyu mwizi, yule mganga. Yeye hana mhusika mmoja. Ana wengine wote waliobaki duniani: walinzi, mazimwi, wenye nyumba wanaodai kodi, hata mvua. Na karibu kila anachokitamka kinawaongezea wale wanne matatizo.

Huyo ndiye msimamizi wa mchezo, gemu masta kwa lugha ya wachezaji. Mchezo wa Dungeons & Dragons humwita Dungeon Master, Call of Cthulhu humwita mtunza siri, Vampire: The Masquerade humwita msimulizi. Majina ni mengi, ila kazi moja wanashirikiana wote: kuwaletea wahusika misukosuko.

Kinachochanganya watu, yaani yuko upande wa nani, kina historia yake. Michezo hii ilizaliwa Marekani kutoka kwenye michezo ya vita ya mezani, ambako majeshi mawili hupambana na refa huamua kati yao. Mwaka 1969, huko Minnesota, David Wesely aliandaa mchezo uliotokea katika mji wa kubuni aliouita Braunstein, akampa kila mchezaji mtu wake wa kumwigiza badala ya kikosi cha askari. Dave Arneson alikuwa mmoja wa waliocheza. Baadaye yeye na Gary Gygax wakatoa Dungeons & Dragons, mwaka 1974. Humo wachezaji wanakaa upande mmoja, na upande wa pili hauna mtu. Ikabidi refa abaki na filimbi yake, na timu ya wageni akabidhiwe yeye yeye.

Hapo ndipo kosa la kwanza linapoingia. Ukishakabidhiwa timu, unatamani ishinde. Lakini msimamizi akitaka wahusika wote wafe leo, anasema tu mlima umeporomoka, na mchezo umekwisha. Mwenye uwezo huo hana cha kujivunia akishinda. Gygax aliandika mkasa maarufu wa kuchezwa, kaburi lililojaa mitego liitwalo Tomb of Horrors, uliochezwa kwenye mashindano mwaka 1975 na kuchapishwa 1978. Kuna uso wa shetani ukutani wenye kinywa cheusi. Ukiingiza mkono, mkono umekwenda, na ukiingia mzima, umekwenda mzima. Ukatili mtupu, lakini ulikuwa wa haki kwa namna yake, kwa sababu mitego ilikuwa imeandikwa kabla watu hawajaketi. Msimamizi hakuwa akiibuni papo hapo kwa hasira.

Basi misukosuko ni nini hasa? Wengi hudhani ni adui mwenye upanga mkubwa zaidi. Mimi nasema ni hali inayomlazimisha mchezaji achague, huku kila chaguo likiwa na bei. Tazama mfano huu. Mchezaji ana mhusika mwizi aliyetoroka mji kwa sababu ya madeni, na kwenye karatasi yake ameandika kwamba alilelewa na dada yake. Usiku anafika kwenye daraja la mpakani. Msimamizi angeweza kusema, "Kuna mlinzi, ana mkuki, rusha dadu." Badala yake anasema: mlinzi anainua taa, anakuangalia, anaishusha. Ni mume wa dada yako. "Shemeji," anasema, "dada yako hajiwezi tangu juzi. Na lango hili nalifunga sasa hivi, halifunguliwi tena mpaka mto upungue. Unavuka, au unarudi?"

Hakuna aliyejeruhiwa, lakini meza nzima imenyamaza. Na msimamizi hakulitoa jambo hilo mbali: dada yumo kwenye karatasi, deni limo kwenye karatasi. Mchezaji mwenyewe ndiye aliyempa kamba.

Kazi ya msimamizi inaishia hapo. Kilichobaki ni cha mchezaji. Mbunifu wa michezo Paul Czege aliwahi kugusia kwamba mtu mmoja akitunga tatizo la mhusika na akatunga pia suluhisho lake, mchezo hauna utamu. Sisi tuliokulia kwenye vitendawili hatuhitaji maelezo marefu. Anayesema "Kitendawili!" hajijibu mwenyewe. Anasubiri "Tega!", anatega, kisha ananyamaza hata kama jibu linamwasha ulimi. Wakishindwa anaomba mji, wanampa, na mchezo unaendelea. Tazama hata kushindwa kulivyo na bei yake, tena bei inayolipika.

Dadu nazo zipo ili msimamizi asiwe hakimu wa kila kitu. Katika Dungeons & Dragons ya siku hizi, jambo la ugumu wa kati hupewa namba 15, ambayo mchezaji lazima aifikie. Mwenye nyongeza ya 3 kwa uwezo wa mhusika wake anahitaji 12 au zaidi kwenye dadu ya pande 20, yaani nafasi ya asilimia 45. Apocalypse World ya Vincent na Meguey Baker, iliyotoka 2010, inapita njia nyingine: dadu mbili za pande sita, na msimamizi harushi kabisa. Jumla ya 10 na kuendelea, umefaulu. Kati ya 7 na 9, umefaulu lakini kuna gharama. Chini ya hapo, msimamizi anakuletea balaa. Bila nyongeza, katika matokeo 36 yanayowezekana ni 6 tu yaliyo safi. Halafu mchezo huohuo unamwamuru msimamizi awe shabiki wa wahusika! Maagizo hayo mawili hayapingani: shabiki haendi uwanjani kuona timu yake ikicheza na wavu mtupu.

Kuna wasimamizi wanaoficha dadu nyuma ya ubao na kubadilisha namba ili mhusika asife. Sikubaliani nao. Kama hutaki afe, usirushe dadu. Tafuta kitu kingine cha kumpokonya. Mchezaji akishagundua kwamba hatari ni ya mapambo, haogopi tena, na asiyeogopa hachagui kwa makini. Mpaka mmoja tu hauna mjadala: misukosuko ni ya mhusika, si ya mchezaji. Aliyezika juzi asiletewe msiba mezani bila kuulizwa.

Yule mwizi, kwa taarifa yenu, hakuvuka wala hakurudi. Alimkabidhi shemeji yake mfuko wote wa fedha za wizi apeleke dawa nyumbani, kisha akajitolea kulinda daraja mpaka arudi. Mtoro mwenye madeni, ameshika funguo za mpaka. Msimamizi hakuwa amelifikiria hilo hata kidogo. Aliomba dakika tano, akaenda kuchemsha chai.